Uso wa kwenye madigadi: picha ya Che, bango la Che na Che mwenyewe

Kijiweni kwetu kuna bodaboda ambayo madigadi yake ya nyuma imechorwa uso wa mwanamume mwenye nywele ndefu, ndevu chache na kofia ya bereti yenye nyota moja. Chini ya uso huo fundi ameandika kwa rangi nyeupe: MPAMBANAJI. Siku moja nilimuuliza kijana mwenye pikipiki kama anamjua mtu huyo. Akanijibu bila kusita, "Si yule mwanamuziki wa zamani, wa enzi za kina Bob Marley?" Mwenzake akamkatiza, akasema huyo alikuwa rais wa Kuba. Wa tatu, aliyekuwa anatafuna hindi la kuchoma, akasema yeye alisikia huyo jamaa alikuwa muuaji, na si vizuri kutembea na sura yake barabarani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyafikiria majibu yale matatu. Hakuna hata moja lililo sahihi lilivyo, lakini kila moja lina mahali lilipotokea. Na kila ifikapo Oktoba, mwezi ambao Ernesto "Che" Guevara aliuawa, mabishano yaleyale yanarudi: shujaa au katili? Nani aliichora ile picha? Mbona imejaa kwenye fulana, matatu, daladala na vikombe vya chai? Na je, ni kweli mtu yule alifika kwetu?

Tunabishana sana kwa sababu tunadhani tunatazama kitu kimoja. Kumbe tunatazama vitu kadhaa vilivyobebana. Kuna mtu, aliyezaliwa Argentina mwaka 1928, akawa mmoja wa viongozi wa mapinduzi ya Kuba yaliyoshinda mwaka 1959, na kufa Bolivia mwaka 1967. Kuna picha, iliyopigwa kwa kamera jijini Havana mwaka 1960. Kuna bango, yaani mchoro wa rangi mbili tatu uliotokana na picha hiyo miaka minane baadaye. Halafu kuna nembo, alama inayouza bidhaa na kupamba kuta hata kwa watu wasiojua ilitoka wapi. Ukimuuliza mtu habari ya "picha ya Che", mara nyingi yeye anawaza bango, wewe unawaza mtu, na muuzaji wa fulana anawaza nembo. Lazima mgombane.

Hata hilo jina nalo lifafanuliwe. "Che" si jina la ukoo wala la ubatizo. Ni neno ambalo Waargentina hulitumia kila dakika katika mazungumzo, kama sisi tunavyosema "aisee" au "wee". Ernesto alipokuwa ughaibuni alilisema mno, wenzake wakambandika. Ni kama kijana wa Kitanzania aende ugenini, aseme "aisee" mpaka wenyeji wamwite Aisee.

Mtu aliye msibani

Tarehe 4 Machi 1960 meli ya Kifaransa iitwayo La Coubre ililipuka bandarini Havana wakati silaha kutoka Ubelgiji zikipakuliwa. Watu walikimbilia kuokoa majeruhi, na mlipuko wa pili ukawakuta palepale. Waliokufa wanakadiriwa kufikia mia moja. Serikali ya Kuba, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi michache, iliishutumu Marekani, Marekani ikakana.

Kesho yake kukawa na mazishi. Barabara zilijaa, jukwaa likajengwa karibu na makaburi makubwa ya Colón, na Fidel Castro, kiongozi wa Kuba, akahutubia kwa muda mrefu. Siku hiyo ndipo alipotamka kaulimbiu iliyokuja kuwa ya taifa zima: nchi yetu au kifo. Jukwaani walikuwapo wageni wawili kutoka Ufaransa, waandishi mashuhuri, Jean-Paul Sartre na Simone de Beauvoir. Chini ya jukwaa alikuwapo mpiga picha wa gazeti la *Revolución*, Alberto Díaz Gutiérrez, aliyejulikana zaidi kwa jina la Korda. Kabla ya mapinduzi Korda alikuwa akipiga picha za mitindo na warembo.

Korda alikuwa akiipitisha kamera yake ya Leica kwenye nyuso za waliokuwa jukwaani, mmoja baada ya mwingine. Ghafla Che akasogea mbele, akautazama umati kwa sekunde chache, kisha akarudi nyuma. Korda alibonyeza mara mbili. Basi, hayo tu. Picha mbili, moja ikaharibika kwa sababu kichwa cha mtu mwingine kilijitokeza nyuma ya bega la Che.

Hapa naomba tutulie kidogo. Watu wengi wakiutazama uso ule husema anaangalia mbali, anaona kesho, anaona ushindi. Nimesikia hata wahubiri wakiutumia kama mfano wa mtu mwenye maono. Lakini uso ule ni wa mtu aliye msibani. Alikuwa na umri wa miaka 31, daktari kwa taaluma, na mbele yake kulikuwa na umati unaozika wafanyakazi wa bandari, mabaharia na askari. Korda mwenyewe alisema baadaye kwamba alichokiona ni hasira na uchungu. Ukishajua hivyo, itazame tena. Taya zimekazwa. Macho hayatafuti kitu mbali. Yamejaa kitu kilichotokea jana.

Na gazeti halikuitoa. Mhariri alichagua picha za Fidel na za wageni wale wa Ufaransa, ile ya Che ikarudishwa kwa mwenyewe.

Bega lililokatwa

Picha kamili si ile tunayoijua. Kwenye filamu ya Korda, Che yuko katikati. Upande mmoja kuna mwanamume aliyetazama pembeni, upande wa pili yananing'inia makuti ya mnazi. Korda aliikata picha ile, akamwondoa yule mtu na akayaondoa makuti, akabaki na uso, nywele, bereti na jaketi lililofungwa zipu hadi shingoni.

Sisi tunaijua kazi hiyo. Mtu akifariki, familia inatafuta picha yake nzuri ya kuweka kwenye tangazo la msiba na mbele ya jeneza. Picha nzuri mara nyingi ni ya harusini, kasimama na wenzake. Fundi wa studio anamkata, anamwekea mandhari ya mawingu ya bluu, na wakati mwingine bega la mtu mwingine linabaki pembeni. Ukiona picha ile huwezi kujua siku hiyo alikuwa na nani, wala alikuwa anachekea nini.

Mtu aliyekatwa kwenye picha ya Che anatajwa kuwa Jorge Masetti, mwandishi wa habari wa Argentina aliyeanzisha shirika la habari la Prensa Latina mjini Havana. Miaka mitatu hivi baadaye Masetti aliongoza kikundi kidogo cha wapiganaji kaskazini mwa Argentina, katika mpango wa Che mwenyewe wa kuwasha vita vya msituni nchini kwao. Mwaka 1964 kikundi kilisambaratika kwa njaa na kukamatwa, na Masetti akapotelea katika misitu ya Salta. Mwili wake haujapatikana hadi leo.

Kwa hiyo tangu mkasi wa kwanza, picha ile ilianza kupoteza watu. Ndiyo sababu naona kuielewa ni kazi ya kurudisha vilivyokatwa, sio kuamua kama unaipenda au unaichukia.

Miaka saba ukutani

Wengi hudhani picha ilitoka na dunia ikashtuka hapohapo. Sivyo. Ilitumika kwa udogo mwaka 1961 kwenye tangazo la gazetini la mhadhara wa Che, ambaye wakati huo alikuwa waziri wa viwanda. Baada ya hapo ilining'inia ukutani kwa Korda, miaka ikapita.

Mwaka 1967 alibisha hodi mchapishaji wa Kiitalia, Giangiacomo Feltrinelli, akitafuta picha nzuri ya Che. Korda akamwonyesha ile ya ukutani, akamchapia nakala mbili, na alipoulizwa bei akakataa malipo, kwa kuwa mgeni alikuwa rafiki wa mapinduzi. Wakati huo Che alikuwa akipigana vita vya msituni Bolivia, na huenda Feltrinelli alishahisi mwisho wake uko karibu.

Tarehe 8 Oktoba 1967 Che alikamatwa na jeshi la Bolivia akiwa amejeruhiwa. Kesho yake alipigwa risasi katika chumba cha shule kijijini La Higuera. Mwili ulipelekwa mji mdogo wa Vallegrande, ukalazwa juu ya sinki la kufulia la hospitali, waandishi wakaitwa kuupiga picha. Kisha mikono ikakatwa kwa ajili ya alama za vidole, na mwili ukazikwa kwa siri ili pasiwe na kaburi la kuhiji. Mifupa ilipatikana mwaka 1997, ikarudishwa Kuba na kuzikwa Santa Clara.

Waliomficha hawakujua kwamba kaburi lingine lilikuwa linatengenezwa kwa karatasi. Tarehe 18 Oktoba, Fidel alipoongoza maombolezo Havana, picha ya Korda ilitundikwa kwa ukubwa wa ghorofa kadhaa. Milano, Feltrinelli alichapa mabango, nayo yakaenea Ulaya. Jina la Korda halikuwamo. Malipo pia hakupata.

Kwa nini hata mtoto anaweza kuichora

Sasa tufike kwenye bango lenyewe, lile la rangi nyekundu na nyeusi. Hilo halikufanywa na Korda, na wala halikufanywa na Andy Warhol, msanii maarufu wa Marekani, ingawa wengi wanaapa hivyo. Lilichorwa mwaka 1968 na kijana wa Ireland, Jim Fitzpatrick. Anasimulia kwamba akiwa mwanafunzi, alikuwa anafanya kazi baa katika hoteli moja kwenye mji wa pwani wa Kilkee, na siku moja akaingia mteja ambaye alimtambua: Che Guevara, aliyekuwa njiani na safari yake imesimama Ireland. Che alimwambia kuhusu asili yake ya Kiairishi. Baba yake aliitwa Ernesto Guevara Lynch, na wahenga wake wa ukoo wa Lynch walitoka Galway.

Che alipouawa na kunyimwa kaburi, Fitzpatrick alikasirika. Akaamua kutengeneza sura ambayo haitazuilika kusambaa. Mwenyewe amesema aliibuni makusudi izaliane kama sungura. Aliitoa bure, yeyote anayetaka aichape.

Alifanyaje? Picha ya kawaida ya nyeusi na nyeupe ina rangi za kijivu nyingi sana: kivuli cha shavu, mng'ao wa paji, mikunjo ya kola. Fitzpatrick aliufuta ukijivu wote. Penye kivuli akaweka weusi kamili, penye mwanga akaacha wazi. Chukua mfano wa wale mafundi wanaoandika idadi ya abiria kwenye milango ya daladala. Fundi hachori kila tarakimu upya. Ana kipande cha kadibodi alichokitoboa umbo la herufi. Anakibandika mlangoni, anapuliza rangi, anakibandua, amemaliza. Bango la Che ni kadibodi ya namna hiyo. Uso mzima umegeuzwa kuwa matundu machache: nywele, macho, kivuli cha pua, midomo, kola, nyota. Linapita kwenye fulana, kwenye ukuta wa udongo, kwenye madigadi. Hata ukikosea kidogo, bado ni Che.

Tena Fitzpatrick aliyainua macho kidogo. Kwa Korda ni mtu anayeutazama umati wa wafiwa. Kwa Fitzpatrick ni mtu anayetazama juu. Badiliko dogo kama unywele, lakini huo ndio mlango ambao yale "maono" ya wahubiri yaliingilia. Na ukichunguza begani kwenye mchoro wake utaona herufi F iliyogeuzwa. Ni ya jina lake. Mafundi wengi duniani wanaichora hadi leo bila kujua kwamba wanaiandika saini ya mtu.

Na Warhol? Mwaka 1968 msaidizi wake, Gerard Malanga, alikuwa Roma hana pesa. Akatengeneza picha za Che kwa mtindo wa bosi wake, nyuso zilizopangwa safu kwa safu kwa rangi kali, akazipitisha kama kazi ya Warhol. Mambo yalipomfika, Warhol alizikubali kuwa zake, ilimradi pesa zije kwake. Huko ndiko uvumi ulikoanzia, na ndiyo maana kila sura ya Che yenye rangi nyingi inaitwa ya Warhol.

Kiwanja cha nani, nyumba ya nani

Swali la mwenye haki ya picha hii linawachanganya hata wanasheria. Mfano ulio karibu nasi ni kiwanja na nyumba. Korda ndiye mwenye kiwanja: bila kubonyeza kwake hakuna kitu. Fitzpatrick alijenga nyumba juu yake: mchoro ni jasho lake, ila umesimama kwenye ardhi ya mwingine. Familia ya Che nayo ni kama watu ambao baba yao amezikwa kwenye kiwanja hicho. Pengine hawana hati, lakini huwezi kuwaambia hayawahusu. Halafu kuna mamilioni ya wapangaji ambao hawajawahi kulipa kodi wala kujua kwamba kuna mwenye nyumba.

Kwa miaka mingi Kuba haikuwa ndani ya Mkataba wa Berne, ule unaozifanya nchi kuheshimiana hakimiliki. Ilijiunga mwaka 1997. Kabla ya hapo Korda hakuwa na pa kushika. Wengine husema aliacha tu kwa sababu ya ujamaa wake, na kuna ukweli humo: hakuwa na neno na mtu anayeeneza kumbukumbu ya Che. Kilichomtoa kimya ni pombe. Mwaka 2000 aliishtaki kampuni ya matangazo ya Uingereza iliyoitumia picha kwenye tangazo la vodka ya Smirnoff, pamoja na wakala aliyeitoa picha hiyo. Alisema Che hakuwa mtu wa kulewa, na kumfanya achochee pombe ni kumvunjia heshima. Walimalizana nje ya mahakama, akalipwa takriban dola 50,000, na pesa zote akazitoa kwa ajili ya matibabu ya watoto wa Kuba. Alifariki Paris mwaka 2001. Alijulikana dunia nzima kwa picha moja, na fidia hiyo aliyoipata uzeeni hakukaa nayo.

Matumizi mengine ni mengi na mengine yanashangaza. Mwaka 1999 makanisa ya Uingereza yalitoa bango la Yesu mwenye miiba kichwani kwa mtindo wa bango la Che, ili kusema kwamba Yesu hakuwa mpole wa kuchezewa. Mwaka 2012 mkuu wa Mercedes-Benz alisimama jukwaani Las Vegas, nyuma yake kukiwa na sura ya Che ambaye nyota ya bereti yake imebadilishwa kuwa nembo ya gari. Wakuba wa Marekani wakalalamika, kampuni ikaomba radhi. Mwaka 2017 posta ya Ireland ilitoa stempu yenye mchoro wa Fitzpatrick kuadhimisha miaka 50 ya kifo. Kelele zikapigwa bungeni na nje ya nchi, na stempu zikaisha kwa haraka.

Kwa nini kelele

Hapa ndipo yule kijana wa hindi la kuchoma anapohitaji kusikilizwa. Mwanzoni mwa mwaka 1959, baada ya ushindi, Che alikabidhiwa ngome ya La Cabaña jijini Havana. Mahakama za kimapinduzi zilikaa humo, zikawahukumu maofisa na watesaji wa utawala uliopinduliwa, na pia wengine waliotuhumiwa. Che alikuwa na kauli ya mwisho kwenye rufaa, na watu walipigwa risasi. Idadi inabishaniwa, kuanzia makumi kadhaa hadi mamia. Lakini kwamba ilitokea si uzushi wa maadui. Desemba 1964, mbele ya Umoja wa Mataifa, alisema mwenyewe kwa sauti kavu kwamba ndiyo, tumepiga watu risasi, tunapiga, na tutaendelea kadiri itakavyohitajika.

Sasa mfikirie mtu anayeishi Miami ambaye baba yake aliishia kwenye ukuta wa ngome ile. Anapanda basi, mbele yake kuna kijana amevaa fulana ya Che kwa kuwa inapendeza. Fikiria sura ya Idi Amin ikivaliwa na vijana wa Ulaya kwa sababu eti ina mvuto, na Mganda aliyempoteza baba yake miaka ile akae nao siti moja. Siwafananishi watu wale wawili, wametofautiana mno. Nafananisha maumivu ya anayetazama.

Lakini ukweli unakata pande zote. Wengine humbebesha Che hata ambayo hayamhusu. Makambi ya kazi za lazima yaliyojulikana kwa jina la UMAP, ambako mashoga na watu wa dini walipelekwa, yalianza mwishoni mwa 1965, wakati Che hayupo Kuba wala serikalini. Aliyokuwa amehusika nayo ni kambi ya Guanahacabibes, ya kuwaadhibu kwa kazi ngumu watumishi waliokosea. Hiyo ni yake, na inatosha kubishaniwa bila kuongezewa.

Kwetu sisi kuna jambo jingine lisilofaa kufunikwa. Mwaka 1952, akiwa kijana wa miaka 24 anazunguka Amerika Kusini, aliandika akiwa Caracas, Venezuela, kwamba mtu mweusi ni mvivu na mwotaji, pesa zake huishia kwenye starehe, ilhali Mzungu ana desturi ya kazi na akiba. Yamo kwenye shajara yake. Nilipoyasoma mara ya kwanza nilikifunga kitabu. Miaka 12 baadaye, siku ileile mbele ya Umoja wa Mataifa, mtu huyohuyo alilaani ubaguzi wa Afrika Kusini, akalaani yaliyokuwa yakitendwa Kongo baada ya kuuawa Lumumba, na akaihoji Marekani inavyowatendea raia wake weusi. Nelson Mandela alipokwenda Kuba mwaka 1991 alimtaja Che kwa heshima, akasema habari za matendo yake, pamoja na yale ya bara letu, zilipenya hadi gerezani licha ya wakaguzi. Yote mawili ni kweli kwa mtu mmoja. Bango lenye weusi na weupe tu halina mahali pa kuyaweka hayo. Ukijivu ndio uliofutwa.

Tatu

Na je, alifika kwetu? Alifika. Lakini hakuna ambaye angemtambua kwa bango.

Aprili 1965 alitua Dar es Salaam kwa pasipoti ya jina jingine, amenyoa ndevu, amekata nywele, amevaa miwani na suti. Lile umbo lote ambalo leo mafundi wanalichora, alilivua. Kutoka Dar walisafiri kwa gari hadi Kigoma, wakavuka Ziwa Tanganyika usiku, na tarehe 24 Aprili kundi la kwanza la watu 14 likashuka Kibamba, upande wa Kongo, kuwasaidia waasi wanaoipinga serikali ya Tshombe, waziri mkuu wa Kongo. Wakuba wengi walikuwa weusi, na kamanda aliyetambulishwa rasmi alikuwa Víctor Dreke. Kwa usalama walipeana majina ya namba za Kiswahili. Dreke akawa Moja. José María Martínez Tamayo akawa Mbili. Che akawa Tatu, akitambulishwa kama daktari na mkalimani wa Kifaransa. Kijana wa Kikongo, Freddy Ilanga, mwenye miaka 16, alipewa kazi ya kumfundisha Kiswahili na kumtafsiria. Baadaye alipelekwa Kuba, akasoma, akawa daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo.

Mambo hayakwenda. Viongozi wa uasi walikaa zaidi mijini kuliko msituni. Laurent Kabila alifika mstari wa mbele mwezi Julai, akakaa siku chache, akaondoka. Wapiganaji walitegemea dawa ya mganga ya kuzuia risasi, jambo ambalo wajukuu wa Maji Maji hatuhitaji kuelezwa. Wakiombwa kubeba mizigo ya chakula kushuka na kupanda milima, walijibu kwa Kiswahili cha Kongo maneno ambayo Che aliyanakili kwenye kumbukumbu zake: "Mimi hapana motokari." Ukiyasoma ndani ya kitabu cha Kihispania, unasikia kabisa sauti ya mtu aliyechoka kuamrishwa na wageni, kwao kwenyewe.

Walishambulia ngome ya Bendera mwishoni mwa Juni, Wakuba wanne wakafa. Mwezi Novemba, baada ya Tshombe kuondolewa na nchi za Afrika kukubaliana kutoingiliana, Tanzania ikaomba msaada ule usitishwe. Tarehe 21 Novemba 1965 walipanda boti kurudi Kigoma, wakiwaacha ufukweni Wakongo waliotaka kuondoka nao na nafasi haikuwapo. Siku tatu baadaye Mobutu alitwaa madaraka, akakaa nayo zaidi ya miaka 30.

Che alijificha miezi kadhaa ndani ya ubalozi wa Kuba, Dar es Salaam. Hakutoka. Katika chumba kidogo aliandika habari za miezi ile saba, na sentensi ya kwanza aliyoiweka ni kwamba hii ni historia ya kushindwa. Hakuitupia Afrika lawama zote. Kurasa za mwisho alizitumia kujihukumu mwenyewe, pamoja na kutokijua Kiswahili vya kutosha.

Wakati anaandika hayo hapa kwetu, mapema mwaka 1966, bila ndevu na bila bereti, ile picha ya msibani ilikuwa bado inaning'inia ukutani kwa Korda, Havana. Hakuna aliyekuwa ameiulizia.